Kadi ya tyuna ya setilaiti kwa Linux: ya ndani au ya USB?

Mkunazini
Assalamu alaykum. Binamu yangu anarudi Unguja kutoka Dubai Ijumaa, kanambia nimtajie kadi moja tu ya kunasa chaneli za HD kutoka kwenye ungo, niitie kwenye kompyuta yangu ya Linux. Nimebaki na mbili: TBS 6902 ya kuweka ndani, au DVBSky S960 ya USB. Nichukue ipi? Naomba jibu kabla ya Alkhamisi.

FundiChake
Waalaykumu ssalaam. Kadi umetaja, ungo hukutaja. Futi ngapi? Mawimbi ya C-band au ya Ku? Chaneli za bure au za kulipia? Kama nia yako ni kuchomoa kadi ya king'amuzi uitie humo, hizo mbili hazina pa kuitia.

BintiWete
Na kompyuta yenyewe ni ya mezani au laptopu? 6902 yataka tundu la PCIe, lile la kuchomeka kadi ndani ya kompyuta.

Mkunazini
Niwieni radhi. Ya mezani, Linux yake ni Debian. Ungo wa bati futi 6, C-band, aliuacha marehemu baba. Chaneli za bure tu. Nataka kurekodi darsa na taarifa ya habari, bibi asikilize akishapumzika.

Kizimkazi
Basi 6902, usihangaike. Tyuna moja hushika masafa mamoja kwa wakati. Chaneli zote zilizopakiwa kwenye masafa hayo utazirekodi pamoja, ila darsa likiwa masafa mengine na habari mengine, moja utaikosa. 6902 ina tyuna mbili. Na kwenye Tvheadend, programu ya kurekodi, chagua LNB (kile kifaa cha mbele ya ungo kinachopokea mawimbi) ya C-band, 5150. Ukiacha ile ya Ku ya 9750 na 10600, utaskani mpaka usiku na hupati chaneli hata moja.

BintiWete
Kaka Kizimkazi, mwambie na habari ya draiva, programu inayoiendesha kadi. Mie nilikuwa na kadi ya ndani, kampuni nyengine, draiva yake haimo kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, naijenga mwenyewe. Ramadhani nikampangia babu kurekodi tarawehe ya Makka kila usiku. Usiku wa kuamkia 27 mashine ikajisasisha, ikawaka na keneli mpya. Baada ya daku nafungua faili: baiti sifuri. Naandika ls /dev/dvb, folda ya kadi haipo. Kwenye dmesg, kumbukumbu za keneli, kadi haitajwi hata mara moja. Nikamaliza bando la wiki kupakua upya chanzo cha draiva, nacho kikakataa kujengeka kwa keneli ile. Babu amekaa mkekani na kikombe chake cha kahawa, ananiuliza, "Bado, mwanangu?" Usiku ule haurudi mpaka mwaka mwengine. Tangu siku hiyo sinunui kadi ambayo draiva yake haimo ndani ya keneli. Ya S960 imo. Faili la firimwea tu, programu ya ndani ya kadi yenyewe, ndilo ulipakue mapema. Za TBS hujengwa nje.

Kizimkazi
Pole sana, dada. Lakini amri ya apt-mark hold ingeizuia keneli isibadilike.

BintiWete
Na marekebisho ya usalama nayo niyazuie? Mashine imo kwenye intaneti.

PwaniMchangani
Nyote mmesahau umeme. Nani hakumbuki Unguja ilivyokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Unaporudi ndio huunguza vitu. Nunua UPS kwanza, betri ya kuilinda mashine.

FundiChake
Na kabla ya UPS, panda juu ukautazame ungo. Huku kwetu setilaiti nyingi ziko karibu na utosi, ungo hulala chali, na wa bati hutuama maji. Juzi Jambiani nimefungua kichwa cha waya, kiini cha shaba kimegeuka kijani, nikikigusa kwa ukucha kinamung'unyika. Ile ni chumvi ya bahari. Mwenyewe alikwishabadilisha ving'amuzi viwili.

Kizimkazi
Ku ndiyo hufa mvua ikipiga, C-band haitetereki.

FundiChake
Mvua haiitetereshi, kutu huiua.

Mkunazini
Nimepanda. Maji yamejaa kiasi cha bakuli, na viluwiluwi vya mbu ndani. Binamu kapiga simu mara mbili, nimemwambia asubiri. Fundi, nikitoboa tundu chini, la milimita ngapi?

FundiChake
Nane inatosha, pale maji yanapotuama. Kingo za tundu zipake rangi siku hiyo hiyo, kutu huanzia hapo. Kichwa cha waya umekifungua?

Mkunazini
Bado. Kimeganda, nimekipaka mafuta, najaribu tena alasiri.