MJADALA: Ukirudishwa mpakani Afrika Mashariki na wewe huhitaji visa, afisa akuandikie sababu au asikuandikie?

Wadau habari zenu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana kila likitokea tukio watu wanagawanyika kwa uraia, Mkenya anamtetea afisa wa kwao na Mtanzania anamtetea wa kwake, mwisho wa siku tunatukanana tu na hoja yenyewe inapotea.

Tuanzie hapa. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kawaida hatuhitaji visa kutembeleana. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ibara ya 7 inasema raia wa nchi mwanachama anaingia bila visa, kanuni zake zinasema anapewa pasi ya kukaa hadi miezi 6. Kwenye karatasi imekaa vizuri kabisa. Sasa nenda Namanga, nenda Sirari, Mutukula au Horohoro uone mambo yanavyokwenda pale dirishani. Afisa anachukua pasipoti yako au hati ya dharura, anaangalia kwenye kompyuta, anakuuliza unaenda wapi, kwa nani, kufanya nini, una hela kiasi gani, kadi ya manjano ya chanjo iko wapi. Siku nyingi unagongewa muhuri unapita, na niseme ukweli maafisa wengi wanafanya kazi yao vizuri tena kwenye jua na foleni ya mabasi matano. Lakini akiamua kukukatalia ndo unagundua kwamba huna kitu mkononi. Hamna karatasi, hamna sababu, hamna jina la mtu wa kumlalamikia, unaambiwa tu rudi ulikotoka.

Mimi ni mtu wa mabasi hizo njia nazijua. Kwenye mpaka mmoja nilimuona mama mfanyabiashara na mzigo wake wa vitenge anawekwa pembeni, anauliza nimekosa nini baba, anajibiwa subiri, basi likasubiri kidogo konda akachoka akamshushia mabegi tukaondoka. Pasipoti alikuwa nayo, kadi alikuwa nayo. Mpaka leo yule mama hajui alikosa nini, na mbaya zaidi hata mkubwa wa yule afisa akitaka kujua kesho yake hana pa kuangalia.

Na unadhani mtu kama huyo anarudi nyumbani? Nje pale kuna bodaboda wamejaa, anazungushwa njia ya panya jioni yuko sokoni upande wa pili anauza. Serikali imepata nini hapo? Imepoteza rekodi ya mtu aliyekuja mwenyewe dirishani akiwa na kitambulisho chake. Wengine sasa ivi wanafundishana kabisa kwenye basi, usiseme biashara, sema unaenda kusalimia ndugu, maana ukisema biashara maswali yanakuwa mengi na hujui lipi litakurudisha. Kwa hiyo kwenye mfumo wa uhamiaji watu kibao wanaonekana wanasalimia ndugu wakati wamebeba mzigo. Huo usalama tunaousema unajengwa juu ya uongo ambao sisi wenyewe tumewalazimisha watu waseme.

Sasa kuna kesi ambayo naona wengi hatuijui na ilitakiwa iwe imeshamaliza huu ubishi. Tarehe 13 Aprili 2011 wakili wa Kenya anaitwa Samuel Mohochi alitua Entebbe na mawakili wenzake, walikuwa na miadi ya kuonana na Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake wakapita yeye akazuiwa, akashikiliwa pale uwanjani, siku hiyo hiyo akarudishwa Nairobi. Karatasi iliyoandikwa ilikuwa ya kuiagiza ndege imrudishe kwa kuwa ni mhamiaji aliyepigwa marufuku, yaani aliyeandikiwa ni shirika la ndege, mwenye safari hakupewa sababu. Akaenda Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, kesi namba 5 ya 2011, hukumu ikatoka Mei 2013 na akashinda. Uganda ilijitetea kwamba ni nchi huru na sheria yake ya uhamiaji inairuhusu. Mahakama haikusema Uganda haina haki ya kumkatalia mtu, hapa naomba tuelewane vizuri. Ilisema haki hiyo ipo lakini ukishasaini Mkataba wa Jumuiya lazima uitumie kwa kufuata huo Mkataba, na kumzuia mtu bila kumpa sababu wala nafasi ya kujieleza ni kuuvunja.

Hiyo ni 2013. Mei 2025 Martha Karua, waziri wa sheria wa zamani wa Kenya, alikuja Dar kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania, akazuiwa uwanja wa ndege akarudishwa, kesho yake Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, naye akazuiwa pale pale na kurudishwa. Najua humu kuna wanaosema walikuja kuingilia mambo yetu na kuna wanaosema walikuja kusikiliza kesi ya wazi mahakamani. Mimi ni wa kundi la pili, sifichi. Lakini hata wewe wa kundi la kwanza, kama unaamini sababu ilikuwepo unaogopa nini ikiandikwa? Sababu nzuri haiharibiki ikiwekwa kwenye karatasi na sahihi chini. Isitoshe ibara hiyo hiyo ya 7 inairuhusu nchi kuweka mipaka kwa ajili ya usalama, afya ya umma na sera ya umma, ila inaitaka iwajulishe wanachama wengine. Mlango wa kukataa upo na hakuna aliyeufunga, tunachobishania ni kuutumia kimya kimya.

Wenzetu wa Schengen, zile nchi za Ulaya zilizofungua mipaka kati yao, ambao kwa ukali wa mipaka hakuna asiyewajua, wana fomu moja kwa nchi zote. Sababu zimepangwa kwa herufi, huna hati halali, huna visa, huna hela ya kujikimu, umeshamaliza siku zako, unahesabika tishio kwa usalama na kadhalika. Afisa anatiki iliyokuhusu, unapewa nakala yako na unaelezwa pa kukata rufaa. Rufaa haikuingizi, unarudi kwenu kama kawaida, ila unarudi na karatasi. Kama wao wanaomrudisha mgeni kabisa wanaweza, sisi tunaoitana ndugu tunashindwaje?

NAONGEZA baada ya kusoma majibu.

Mkuu aliyeandika kwamba foleni zitakuwa ndefu, hapana. Wanaopita ni wengi mno kuliko wanaorudishwa, fomu ni ya anayerudishwa peke yake, na kutiki kisanduku ni kazi ya dakika chache. Mtu anashushwa mzigo wake anabaki mpakani, anashindwaje kupewa hizo dakika?

Dada wa Nairobi umeleta suala la magaidi wa Al-Shabaab na mashambulizi yao ya Westgate 2013 na Garissa 2015, hilo silipuuzi hata kidogo, watu wetu wamekufa. Ndiyo maana nimesema sababu iandikwe kwa herufi. Afisa akitiki usalama halazimiki kueleza taarifa za kijasusi kazipata wapi, ila anakuwa ameweka jina lake pale, na mkubwa wake anaweza kuuliza kesho mbona wewe peke yako wiki hii umetiki usalama mara 20 na wote ni kina mama wa vitenge. Kwenu pia kuna la kujadili, Januari 2025 mlitangaza kuwaondolea kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya karibu Waafrika wote isipokuwa wa Somalia na Libya, na Somalia ni mwanachama mwenzetu wa Jumuiya tangu 2024. Usalama naelewa, lakini Msomali mmoja mmoja anayeishi kwa biashara zake naye anastahili kujua amekataliwa kwa lipi, yeye kama yeye.

Kuna aliyeuliza vipi wanaokuja hawana karatasi yoyote, kina Wahabeshi wanaopitishwa kwenye malori kwenda Afrika Kusini. Hao ni jambo jingine na zito zaidi, Machi 2020 maiti 64 zilikutwa ndani ya kontena kule Tete Msumbiji, na wanaokimbia vita wana mkataba wao wa wakimbizi wa 1951. Nisingependa tuwachanganye na mtu mwenye pasipoti halali anayesimama dirishani. Mwenye moyo afungue uzi wake nitachangia.

Na kiongozi uliyesema wewe ni uhamiaji mstaafu na kwamba sababu huwa zinaandikwa kwenye kitabu cha ofisi, nashukuru sana umejitokeza, tusaidie hapa. Hicho kitabu kina nafasi ya sababu au ni jina na namba ya pasipoti tu? Na msafiri akiomba kuona alichoandikiwa, kuna utaratibu wowote wa kumwonyesha?