Kibati, kikoba, SACCOS au daftari: kipi kinapunguza matumizi kweli?

Karani wa Stoo, Ukonga

Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Naomba mnisaidie kulinganisha kabla mshahara wa mwezi ujao haujaingia, kwa sababu nimechoka kufika tarehe 18 nikiwa namwomba mdogo wangu nauli. Mimi ni karani wa stoo na ninachopokea mkononi baada ya makato ni shilingi 640,000. Mume wangu anaendesha bajaji ya mtu, na kinachobaki baada ya kupeleka hesabu kwa mwenye chombo hakitabiriki: siku nyingine 15,000, siku nyingine hela ya mafuta tu. Tuna watoto wawili. Kodi ya vyumba vyetu viwili ni 110,000 kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 660,000 kila Januari na kila Julai, na Januari hii tumelipa kwa kukopa kwa shemeji.

Nimepiga mahesabu nikaona ninaweza kutenga 60,000 kwa mwezi. Njia ya kwanza ni kibati cha ofisini kinachoanza Februari: watu kumi, kila mmoja 60,000, na anayefikiwa na zamu anaondoka na 600,000. Njia ya pili ni kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, cha mtaani kwetu kinachokutana kila Jumamosi, hisa moja 5,000, ambapo nikinunua hisa tatu kwa wiki ninafika kiasi hicho hicho. Ya tatu ni SACCOS ya kazini, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Dada yangu ameongeza ya nne, ambayo mwanzoni niliicheka: niandike kila shilingi kwenye daftari na kila Jumapili nimpelekee alisome. Sitaki akiba peke yake. Ninataka matumizi ya kila siku yapungue, na ninajijua kwamba peke yangu siwezi. Mngeanza na ipi?

Mweka Hazina, Mbagala

Dada yangu, mimi ni mweka hazina wa kikoba kwa mwaka wa sita sasa, kwa hiyo lazima nitavutia kamba upande wangu, ila nitajitahidi kusema na mabaya yake. Faida kubwa ya kikoba ni kwamba kinakutana kila wiki. Fedha ya mwezi mzima ina muda mrefu mno wa kutafunwa, lakini 15,000 inayotakiwa Jumamosi hii unaanza kuitenga tangu Jumatano. Kwetu mwanachama hununua hisa moja hadi tano kwa kikao, anaongeza 1,000 ya mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa, na sanduku lina kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu, na hakuna hata mmoja wao ambaye ndiye anayelala na sanduku. Mfumo huu ulianza Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa eneo la Maradi waliosaidiwa na shirika la CARE, na sidhani kama kuna aliyeuboresha sana tangu wakati huo, ingawa siku hizi vikundi vingine vimeacha sanduku na kuhamia kwenye simu, kwa mfano M-Koba iliyoanza mwaka 2019.

Ukianza Februari hadi Desemba tunapovunja sanduku na kugawana, ni takriban wiki 46, sawa na 690,000 za hisa zako, na juu yake gawio linalotokana na riba ya mikopo. Hiyo ni kodi yako ya Januari. Kwa Julai unaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa, lakini hapa uwe mwangalifu, kwa sababu sisi hutoza asilimia 5 kwa mwezi: ukikopa 500,000 kwa miezi mitatu, utarudisha 575,000. Riba hiyo inarudi kwenye sanduku letu sote, ni kweli, lakini aliyeitoa mfukoni ni wewe.

Tena uliza kama kikundi kimesajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama vyetu daraja la nne na usajili wake unapitia halmashauri. Kikundi kisicho na cheti wala katiba kinategemea uungwana wa watu, na uungwana huwa haba Desemba.

Fundi Cherehani, Magomeni

Mimi ni mtu wa kibati, na nashangaa watu wanavyokidharau. Hakina riba, hakina fomu, kijumbe anapita kukusanya na siku hiyo hiyo mwenye zamu anapata chake. Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni namba ya zamu. Anayepokea mwezi wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila riba; anayepokea mwezi wa kumi ameweka akiba bila riba. Kwako wewe, ukianza Februari, zamu ya tano inaangukia Juni: utapokea 600,000, utaongeza 60,000, na kodi ya Julai imetimia bila kupungua hata mia. Kamwombe kijumbe namba tano leo, usisubiri kura.

Ubaya wake ninaujua pia. Mwaka juzi, kwenye kibati chetu, mtu alipokea zamu ya pili, mwezi uliofuata akahama mtaa, na namba yake haikupatikana tena. Tuliobaki nyuma tuligawana hasara. Tangu hapo sichezi na mtu ambaye sijui anapolala. Watu wa ofisi moja wana nafuu, kwa kuwa mshahara wao unatoka dirisha moja na hawawezi kukwepana.

Mwalimu wa Kilosa

Nianze na SACCOS, kwa sababu naona inapitwa. Uzuri wake ni kwamba unakatwa juu kwa juu, kabla jicho halijaiona fedha, na fedha usiyoiona huipangii safari. SACCOS ziko daraja la tatu katika sheria aliyoitaja ndugu Mweka Hazina na zinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa hiyo kuna hesabu zinazokaguliwa na mkutano mkuu wa mwaka wa kuulizia maswali.

Hata hivyo, dada, kwa shida yako ya kodi mimi nisingeanza nayo. Kwenye SACCOS nyingi akiba ile huwezi kuitoa ukiwa bado mwanachama. Inabaki kuwa msingi wa kukopea, na mkopo unahitaji wadhamini, ambao kesho watakuomba na wewe uwadhamini. Mimi nilimdhamini mwenzangu aliyeacha kazi ghafla, na kwa miezi saba nilikatwa deni la pikipiki ambayo sijawahi kuipanda. Kwa kujenga au kusomesha, SACCOS haina mpinzani. Kwa kodi ya miezi sita, ni kuchinja ng'ombe kwa mchuzi wa jioni moja.

Mama Mapacha, Temeke

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini naona tumelikwepa swali la mwenzetu. Ameuliza kipi kinapunguza matumizi, nanyi mmemjibu wapi aweke fedha. Nimekuwa kwenye vikoba viwili kwa wakati mmoja, sikuwahi kukosa hisa hata wiki moja, na katika kipindi hicho hicho deni langu kwa Mangi wa dukani lilifika 140,000. Nilikuwa nachukua unga na sukari kwa daftari la duka ili fedha taslimu niipeleke kwenye hisa, kisha Desemba nikivunja ninamlipa Mangi. Mwanamke mwingine katika kikundi chetu alikopa kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu ili asionekane ameshindwa kununua hisa. Kikundi hakimwulizi mtu fedha imetoka wapi. Kinauliza tu kama imekuja.

Kilichonibadilisha ni jirani yangu mmoja, mjane, anayeuza vitenge. Tulikubaliana kila Jumapili baada ya saa kumi tukae barazani kwake, kila mtu amsomee mwenzake daftari lake kwa sauti, na msikilizaji haruhusiwi kugomba, anaruhusiwa kuuliza "kwa nini" mara tatu tu. Jumapili ya kwanza nilikuwa nimeandika "matumizi mengine 23,000". Akaniuliza kwa nini, nikakosa jibu, na aibu ile ilinifundisha kuliko semina yoyote.

Mwezi wa kwanza nilikuwa na hakika kwamba mwizi wangu ni mafuta ya kula, kwa sababu nilikuwa nanunua kwa kupima, kipimo cha 1,000 kila siku. Nikafanya jaribio: nikawa namimina kila kipimo kwenye chupa tupu ya lita moja. Vipimo saba ndivyo vilivyoijaza, na lita hiyo hiyo pale pale dukani ilikuwa 5,500. Nikapiga kelele nyumba nzima. Lakini tulipojumlisha, hasara ile ilikuwa 1,500 kwa wiki, yaani 6,000 kwa mwezi. Chai na chapati mbili za kazini, 1,500 kwa siku 24, zilikuwa 36,000, na bodaboda ya kunitoa kituoni hadi nyumbani, mwendo wa dakika kumi na mbili kwa miguu, ilikuwa 24,000 nyingine. Hivyo viwili sikuwa hata navihesabu kama matumizi. Chapati sasa ninabeba kutoka nyumbani, na bodaboda ninapanda siku ya mvua tu.

Mpangaji, Tandika

Naongeza njia ambayo haijatajwa: kununua kwa pamoja. Wapangaji wanne wa nyumba yetu tunachangia gunia la mchele na dumu la mafuta la lita 20 kila mwezi, tunagawana kwa mzani mbele ya wote. Bei inapungua, lakini niwe mkweli, chakula kikiwa kingi ndani mkono wa mpishi unakuwa mwepesi, na mwezi wa kwanza kwangu mchele uliisha tarehe 22. Ilibidi niutenge kwenye ndoo nne, kila wiki na ndoo yake.

Umeme ni suala jingine. Wengi hudhani kununua LUKU kidogo kidogo kunakatwa zaidi kwa ajili ya kodi ya jengo. Kodi ile kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, ununue mara moja au mara kumi. Kinachokula umeme ni pasi na jagi, si mtindo wa kununua.

Mwanachama, Nakuru

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Hapa Kenya chama ni kama chai, kila mtu anacho, na ninakubaliana na Mama Mapacha kwamba chama cha fedha peke yake hakimwongozi mtu. Sisi wanawake tisa tumeongeza kipengele kimoja katika mkutano wa mwezi: kila mmoja hutaja kitu kimoja alichonunua akakijutia, na asiyetaja hutozwa faini ya shilingi 50 za kwetu. Tunacheka sana. Ubaya ni kwamba watu hujifunza kutaja vitu vidogo na kuficha vikubwa. Mwenzetu alitaja viatu miezi mitatu mfululizo, kumbe alikuwa na mikopo miwili kwenye simu. Kwa hiyo kama utamwonyesha dada yako daftari, mwonyeshe na ujumbe wa simu wa kutuma na kupokea fedha, kwa sababu simu haijui kuona haya.

Mweka Hazina, Mbagala

Mama Mapacha amenigusa pabaya, na sina pa kukimbilia. Ni kweli kikundi hakiulizi. Jumamosi hii nitapendekeza tuulize angalau anayeongeza hisa ghafla, ingawa najua wapo watakaosema ninawachungulia mifukoni. Ila naomba tusiitupe hisa kwa sababu hiyo. Daftari bila mahali pa kupeleka kilichookolewa litakuonyesha 60,000 zilizobaki, na kufikia Ijumaa zitakuwa zimepata harusi ya kuchangia.

Karani wa Stoo, Ukonga

Asanteni sana. Nimesoma jibu la Mama Mapacha mara mbili, la pili nikimsomea mume wangu, naye akanyamaza kwa muda kisha akasema bajaji nayo iwe na ukurasa wake. Sikulitegemea hilo.

Nimezungumza na kijumbe. Namba tano ilikuwa imeshachukuliwa, lakini aliyeichukua amekubali tubadilishane na namba nane niliyokuwa nimepangiwa, maana yeye anataka fedha Septemba kwa ajili ya ada ya chuo. Kwa hiyo 60,000 inakwenda kwenye kibati, kwa ajili ya Julai. Kikoba sijakiacha: nimeomba kuanza na hisa moja tu kwa wiki, na nitaongeza ya pili siku daftari litakapoonyesha kwamba fedha hiyo ipo kweli na haikutoka kwa Mangi. SACCOS itasubiri hadi shemeji amalize kulipwa.

Nimebaki na swali moja. Kila mwezi ninamtumia mama kijijini 40,000, na wakati mwingine anapiga simu katikati ya mwezi naongeza. Hii niiandike wapi? Nikiiweka kwenye matumizi, dada yangu ataiona na ataniuliza kwa nini ninatuma zaidi yake.

Mama Mapacha, Temeke

Ile 40,000 iandike ukurasa wa kwanza, chini ya kodi, kwa kuwa haipungui wala huiombei ruhusa. Ya katikati ya mwezi iandike peke yake, na tarehe, na alichokuambia mama kwenye simu. Dada yako akiuliza kwa nini, msomee. Huenda mama huwa anapiga simu mbili.