Ramani yangu ya VOSviewer imejaa wazee, nimekosea wapi?

takwimu_mpya: Wakuu habari za saa hizi. Niko masters, supavaiza kasema kabla sijagusa modeli nifanye kwanza bibliometria, yaani kuhesabu na kupanga machapisho, nione utafiti wa modeli za frailty (zile za takwimu za muda wa kuishi) umetoka wapi unaelekea wapi. Nikaingia Scopus, ile hifadhidata ya makala, nikaandika frailty basi, nikadaunlodi nikatupia VOSviewer, programu ya kuchora ramani ya maneno na marejeo, ramani imetoka na rangi zake ila klasta kubwa yote ni wazee, kuanguka, kuisha misuli, na modeli zenyewe zimebanwa kwenye kakona. Halafu grafu ya makala kwa mwaka inapanda kama mlima, mimi nilishaandika kwamba modeli zetu zimeshika kasi ya ajabu. Presentesheni Ijumaa.

kokotoa: 😂 Hiyo sentensi ifute leo leo mkuu. Neno moja, koo mbili. Frailty yetu ni ya 1979, Vaupel na wenzake kwenye demografia, yaani watu wawili umri sawa vipimo sawa ila mmoja anawahi kufa kwa sababu kuna hatari haimo kwenye data, mfano watoto wa mama mmoja wana kitu wanachangia ambacho dodoso halikuuliza. Ya madaktari ni udhaifu wa uzeeni, na ilipamba moto baada ya 2001 Fried na wenzake walipotoa vile vigezo vitano vya kumtambua mzee dhaifu. Mlima wako ni wa wazee. Tafuta fungu zima la maneno ndani ya alama za nukuu, "shared frailty", "gamma frailty" hivyo.

bi_hesabu: Hata hivyo utabaki na pepa za hospitali zilizotumia modeli tu bila kuongeza chochote kwenye modeli yenyewe, hizo lazima usome ikisiri kwa macho, hakuna programu itakayokusaidia. Mimi ningeacha ramani ya maneno kwanza nikafanya ya kunukuliwa pamoja, yaani kazi mbili zinazotajwa pamoja kwenye marejeo ya makala moja, ile ya Small 1973, maana neno linadanganya ila marejeo hayadanganyi sana, mtu wa wazee anamnukuu Fried na wetu anamnukuu Cox wa modeli ya hatari ya 1972 na Vaupel. Ukidaunlodi weka tiki kwenye marejeo, usipoweka hayaji.

takwimu_mpya: Kumbe ndo maana ramani ya kunukuliwa pamoja ilikuwa inagoma, sikuweka tiki! Nimerudia, Fried kakaa kule na watu wake, Vaupel huku. Asante dada. Sasa naanza kusoma ikisiri, ziko mia sita na kitu 😩

kokotoa: Chemsha kahawa.