Naomba ushauri: ndege kubwa ya rimoti, injini ya petroli 55cc
Wakuu, naombeni ushauri kabla sijachanganya gundi. Ndege ya rimoti, mabawa mita 2.2, injini DLE 55, propela ya inchi 22 kwa 8. Ukuta wa kubeba injini nimepanga plaiwudi ya milimita 6, epoksi ya dakika 30, na vijiti vya pembetatu kwenye kona za ndani, maana mtetemo wa silinda moja huachanisha kiungo cha gundi tupu. Mipira ya silikoni ya kupitishia mafuta siweki kabisa: petroli huivimbisha, ikalegea na kuchomoka kwenye tangi. Betri ya kuwashia plagi itakaa mbali na risiva (kipokea mawimbi ya rimoti).

Je, milimita 6 zinatosha au nibandike mbili pamoja? Na usukani wa kupanda na kushuka, servo (mota ndogo ya kusukuma usukani) moja yenye nguvu ya kilo 20 au mbili? Nikizifunga mkiani, nahofia mkia utakuwa mzito na pua itadai uzito wa risasi ili ndege isawazike.