Hoja za mstari wa amri kwenye Rust: makro ya clap, argh, au kuandika kwa mkono?

tunda_damu

Habari wakuu. Nina programu ndogo ya Rust, naiita `kagua`. Inapitia faili za CSV za malipo na kutaja mistari yenye kasoro. Mpaka leo nasoma hoja (maneno na swichi zinazoandikwa baada ya jina la programu) kwa `std::env::args()`, na ile `match` imerefuka kuliko kazi yenyewe. Nikiongeza swichi moja narekebisha sehemu tatu: inaposomwa, chaguo-msingi lake, na maandishi ya `--help`. Juzi nilisahau hiyo ya tatu, mwenzangu akahangaika saa nzima kutafuta swichi ambayo ipo ila haijaandikwa popote.

Nimebaki na njia tatu, zote zikitumia maktaba za kusoma hoja: clap kwa makro ya derive (inayokuandikia msimbo wakati wa kukompaili), argh, au niendelee kwa mkono nikisaidiwa na lexopt. Waliozitumia kwa miezi, siyo wikiendi moja, naomba uzoefu wenu.

mzee_wa_terminali

Mkuu, hiyo shida ya sehemu tatu ndiyo makro hizi zilitengenezewa. Unaandika strakti (struct, aina ya data yenye sehemu kadhaa) moja tu, mfano huu ni wa clap:

```rust
/// Hukagua faili za malipo
#[derive(Parser)]
#[command(version)]
struct Hoja {
    /// Faili la CSV la kukaguliwa
    faili: PathBuf,

    /// Idadi ya nyuzi za kazi
    #[arg(short, long, default_value_t = 4)]
    nyuzi: u8,

    /// Endelea hata kasoro ikipatikana
    #[arg(long)]
    endelea: bool,
}
```

Kisha kwenye `main` unaita `Hoja::parse()`, basi. Aina ya data ndiyo inayoamua: `PathBuf` iliyo wazi hivyo ni hoja ya lazima inayosomwa kwa nafasi yake, `bool` ni swichi, `Option<u8>` ni hiari, `Vec` inapokea thamani nyingi. Maoni ya `///` yanageuka maandishi ya msaada. Hata ukisahau maoni, swichi itaonekana kwenye `--help`, kwa hiyo mwenzako asingepoteza ile saa.

Angalizo moja: makro hii ilianza kama maktaba ya pembeni, structopt, ikaingizwa ndani ya clap toleo la 3 mwishoni mwa Desemba 2021. Ukikuta mfano wenye `#[structopt(...)]`, ni wa zamani, upite.

Binti_Pemba

Naunga mkono clap, ila kuna jambo sisi tunaotaja vitu kwa Kiswahili linatukamata kuliko wengine. Nilikuwa na sehemu inaitwa `hifadhi`, nikaiwekea `short`. Makro ikachukua herufi ya kwanza, ikawa `-h`. Sasa `-h` tayari ni ya msaada! Msimbo ulikompaili bila onyo lolote. Nilipoendesha, programu ikaanguka papo hapo ikisema herufi hiyo inatumiwa na `hifadhi` na `help` kwa pamoja.

Watu wengi hudhani kwa kuwa ni makro, kila kosa litakamatwa wakati wa kukompaili. Sivyo. Makro inaona strakti yako, lakini migongano ya majina hukaguliwa programu inapoanza, tena kwenye toleo la majaribio (debug) tu. Kwenye toleo la `--release`, lile la kuwapa watumiaji, ukaguzi huo haupo. Kwa hiyo weka testi hii siku ya kwanza:

```rust
#[test]
fn hoja_ziko_sawa() {
    use clap::CommandFactory;
    Hoja::command().debug_assert();
}
```

Mimi nilimaliza kwa `short = 's'`. Hakiki, hesabu, hamisha, hariri: maneno yetu ya amri yanayoanza na h ni mengi mno.

kompaila_kavu

Mimi nasimama upande wa lexopt, na sababu yangu ni muda wa kukompaili. Makro ya derive inavuta maktaba za `syn`, `quote` na wenzake, na hao lazima wakompailiwe kabla ya mstari wako wa kwanza. Kwenye laptopu yangu ya zamani nausikia uzito huo kila nikianza upya. Lexopt haina kitegemezi hata kimoja. Inakupa hoja moja baada ya nyingine, wewe unaandika `match` yenye `Short('n') | Long("nyuzi")`. Kila kitu kiko mbele ya macho yako.

Ila niseme kweli: `--help` utaiandika mwenyewe. Kwa tatizo alilolitaja mwanzisha mada, lexopt inamrudisha palepale alipotoka. Kwa programu yenye swichi mbili ningemshauri bila kusita. Yake imeshakua.

mnazi_mkinda

Argh haijatetewa. Ilitoka Google kwa ajili ya mfumo wa Fuchsia, na lengo lake ni binari (faili la programu iliyokompailiwa) ndogo. Sintaksi inafanana: `#[derive(FromArgs)]`, kisha `#[argh(option)]` au `#[argh(switch)]`. Ninachokipenda zaidi ni kwamba `option` au `switch` isiyo na maelezo haikompaili kabisa. Huwezi kusahau hata ukitaka. Kwenye kifaa chenye hifadhi finyu ningeichukua kabla ya clap. Kwenye seva ya kawaida, hapana, clap ina mengi utakayoyahitaji baadaye.

boriti

Natoka C++, nilete tu picha ya huko. Abseil, maktaba ya C++ ya Google, ina `ABSL_FLAG(int, nyuzi, 4, "Idadi ya nyuzi")`: aina, jina, chaguo-msingi, maelezo, vyote kwenye mstari mmoja. Tofauti kubwa ni kwamba faili lolote la mradi linaweza kutangaza swichi yake, na zote ni za programu nzima (global). Baada ya mwaka mmoja kwenye mradi mkubwa hakuna anayejua swichi zote ziko wapi. Strakti moja ya Rust unaisoma kwa dakika na umeijua programu nzima. Hilo kwangu linazidi hata wepesi wa kuandika.

tunda_damu

Nashukuru sana. Nimehamia clap jana usiku, testi ya Binti_Pemba nimeiweka kwanza. Swali mbili. Maneno kama "Usage" na "Options" yanabaki Kiingereza? Na neno la siri la hifadhidata nalisoma kwa `env` (kigezo cha mazingira), kuna shida?

mzee_wa_terminali

Vichwa unaweza kuvibadilisha kwa `help_template`. Ujumbe wa hitilafu wenyewe umeandikwa ndani kwa Kiingereza, kuugeuza ni kazi kubwa. Mimi nimeuacha.

Binti_Pemba

Hilo la pili ndilo la haraka. Ukiweka `env`, clap huonyesha jina la kigezo pamoja na thamani yake ya sasa kwenye `--help`. Ongeza `hide_env_values = true`.

tunda_damu

Nimejaribu sasa hivi. Neno la siri lilikuwa pale, herufi zote, chini ya `--nyuzi`. Nimelificha, na kwa kuwa wiki hii nilishabandika matokeo ya `--help` kwenye kundi la kazi, naenda kulibadilisha kabisa kwenye hifadhidata.