"Kwa bei yake ni nzuri": acheni kutusifia saa za kuzamia zisizozamia

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Kila nikifungua rivyu ya saa ya kuzamia ya otomatiki (inayojitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono) ya bei nafuu nakutana na maneno yaleyale. Bezeli, ile pete inayozunguka kioo, inacheza? "Kwa bei yake si mbaya." Alama haziko sawa? "Kwa bei yake utavumilia." Likija suala la maji, mchambuzi haligusi kabisa. Anaonyesha boksi, anaonyesha mkanda, anaipiga picha saa juu ya jiwe lililolowa, anaaga.

Sasa niwaambie yaliyonikuta. Kampuni siitaji, maana ninachokilalamikia ni kikubwa kuliko kampuni moja. Saa imeandikwa mita 200 usoni. Kifundo cha pembeni, kile cha kurekebishia saa, ni cha kukaza kwa skrubu, na nilikikaza mpaka mwisho. Nikaogelea nayo juu ya maji tu, sikuzama popote. Nilipotoka na jua likaipiga, nikaona wingu jembamba chini ya kioo, limeanzia ukingoni karibu na kifundo na kutambaa hadi kwenye kidirisha cha tarehe. Nikawaandikia walioniuzia. Wakajibu kwamba mvuke kidogo ni kawaida kwa saa za daraja hili, nifungue kifundo niiache mahali pakavu.

Kawaida? Mvuke ukitanda ndani ya kioo baada ya kuogelea, mara nyingi maana yake unyevu umeshapita kwenye mipira ya kuzuia maji. Ndani kuna springi nyembamba kama unywele, kuna skrubu ndogo za chuma, kuna mafuta yaliyowekwa kwa tone. Unyevu ukishaingia humo kutu inaanza kazi, na fundi saa atakwambia bei ya kusafisha mashine iliyoshika kutu. Kuiacha mahali pakavu kunaondoa wingu machoni, njia iliyoingizia maji inabaki palepale.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba jambo hili lina kipimo kinachojulikana. Saa ya wazamiaji ina kiwango chake cha kimataifa, ISO 6425. Kinataka saa ihimili angalau mita 100, na ipimwe kwa shinikizo la asilimia 125 ya kina kilichoandikwa. Kwa hiyo iliyoandikwa mita 200 inasukumwa hadi sawa na mita 250. Na kila saa inapimwa, si kuchukua chache kwenye kundi na kuzipitisha nyingine kwa imani. Kuna hata kipimo cha mvuke wenyewe: saa inapashwa moto kwenye bamba la nyuzijoto 40 hadi 45, tone la maji linawekwa juu ya kioo, baada ya muda linafutwa, kisha wanaangalia kama kuna ukungu upande wa ndani. Ukionekana, saa imekataliwa. Hicho ninachoambiwa ni "kawaida" ndicho kinachoiangusha saa kwenye mtihani!

Iliyofuzu kiwango hicho utaijua kwa maandishi: huandikwa DIVER'S pamoja na kina chake. Iliyoandikwa tu kwamba inazuia maji iko kwenye kundi jingine, lenye kiwango chake cha ISO 22810, kiwango cha saa za kawaida. Tofauti hii inaonekana usoni kwa macho tu, wala haihitaji kifaa. Kwa nini wachambuzi hawaisomi?

Chukua mfano wa Seiko, kampuni ya saa ya Japani. Saa yao ya SKX007 ilitoka 1996 ikadumu sokoni hadi 2019, haikuwa saa ya matajiri, na usoni imeandikwa DIVER'S 200m. Mashine yake, 7S26, hukuweza hata kuitia ufunguo kwa mkono, na ukivuta kifundo mshale wa sekunde haukusimama. Walibana matumizi huko, kwenye maji hawakubana. Mwaka 2019 wakaleta Seiko 5 Sports yenye sura ileile, lakini ya mita 100 na kifundo kisicho na skrubu, na kampuni yenyewe haikuandika DIVER'S juu yake. Iliuzwa kwa ilivyo. Walioendelea kuiita saa ya kuzamia ni hawahawa wenye kamera. Mtu anasikia, anainunua, anaingia nayo majini akiwa na mtungi mgongoni. Nani atawajibika?

Tuje kwenye bezeli, ambayo wengi wanaichukulia kama pambo. Ile pete iliwekwa kwa ajili ya uhai. Blancpain, kampuni ya saa ya Uswisi, walipotoa saa yao ya Fifty Fathoms mwaka 1953, waliokuwa wanaihitaji ni wazamiaji wa jeshi la Ufaransa. Unapoanza kuzama unaiweka pembetatu ya bezeli usawa wa ncha ya mshale wa dakika, halafu unasoma moja kwa moja umekaa chini muda gani. Inazunguka upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa mishale, ili ikigongwa ikasogea ikuonyeshe umekaa muda mrefu kuliko ukweli. Utapanda mapema, utakuwa salama. Ingeweza kurudi nyuma, ingekudanganya kwamba bado una muda, na hewa inaisha.

Ya kwangu nikiishika kwa vidole viwili inarudi nyuma kabla jino halijaishika. Pembetatu yenyewe imesimama katikati ya alama mbili, haiko kwenye 12 wala haiko pembeni yake. Bezeli ya mibofyo 120 kila mbofyo ni nusu dakika, kwa hiyo najua alama kupinda kidogo hakuui mtu, na najua wazamiaji wengi siku hizi wana kompyuta ya kuzamia mkononi, saa inabaki kuwa akiba. Lakini akiba unaigeukia pale kompyuta inapozima. Saa ya namna hii yenye bezeli inayorudi nyuma ni saa mbovu, iseme hivyo, usiseme "inacheza kidogo".

Rangi inayong'aa gizani nayo wachambuzi waipime sawasawa. Kiwango kinataka saa isomeke gizani kwa umbali wa sentimita 25. Kuimulika kwa tochi kisha kupiga picha papo hapo hakupimi chochote, kila rangi inawaka dakika ya kwanza.

Mashine sina ugomvi nayo, na hapa nitakuwa mkweli. Saa nyingi za bei hii zinatumia mashine iitwayo NH35, ambayo ukiivua saa inaendelea kutembea kwa kama saa 41. Mtengenezaji anasema wazi kwamba inaweza kupoteza sekunde 20 au kuzidi sekunde 40 kwa siku. Sekunde 40 ni kama dakika 20 kwa mwezi, anayeona ni nyingi anunue ya betri. Ukitaka kulinganisha, cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, kinaruhusu kupoteza sekunde 4 au kuzidi 6 kwa siku. Ikianza kukimbia ghafla kwa dakika nyingi, mara nyingi ni sumaku, fundi anaiondoa kwa muda mfupi sana. Mambo haya yameandikwa, mnunuzi anajua anachopata. Mbona kwenye maji hatuambiwi kwa uwazi huohuo?

Nimedai saa irudi ikapimwe kwa shinikizo na nipewe matokeo kwa maandishi. Majibu yao nitayaleta hapahapa.

Wenye saa za namna hii, naomba mchangie kwa mambo haya: usoni imeandikwa nini hasa, bezeli inarudi nyuma au hairudi, na kama fundi wako ana mashine ya kupimia shinikizo, saa ilipita au ilivuja. Na wewe unayefanya rivyu, kama hujaipima maji, andika juu kabisa kwamba hujaipima.