Naomba ushauri: airisi zangu za milimani zimetoa majani tu, na karibu nasafiri

Mgeni_wa_Baridi: Wakuu habari zenu. Nina vitunguu vichache vya maua ya airisi, zile za manjano, fupi, za milimani zinazochanua theluji ikianza kuyeyuka. Nilivipanda kwenye chungu nikaweka dirishani chumbani. Mwaka huu majani matupu, ua hata moja hakuna. Chuo kikifungwa narudi nyumbani na nataka kumpelekea mama. Nivikaushe kabisa, au nisafiri navyo na udongo wake? Msaada tafadhali, muda unakimbia.

Mama Bustani: Hongera mwanangu kwa kumkumbuka mama. Tulipu zangu nazo ziligoma hivyo hivyo, nikaziweka kwenye friji na zikachanua vizuri. Ila tufaha lisikae karibu, hewa yake huua ua likiwa bado changa ndani ya kitunguu.

Kifaranga: Nimeona vitunguu nikaja na kikaango 😂

Mama Bustani: Usithubutu! Airisi ina sumu, utatapika na kuharisha.

Mpanda_Mlima: Mleta mada, hivyo vitunguu ulivipata wapi?

Mgeni_wa_Baridi: Nimeuliza kuhusu kukausha, mkuu.

Mpanda_Mlima: Na jibu linategemea hapo. Wapi?

Mgeni_wa_Baridi: Nilichimba mwenyewe, huku nchini Georgia, milima ya upande wa Borjomi, mwaka jana vikiwa na maua. Vilikuwa vingi, ng'ombe wanavikanyaga, na hakuna aliyenikataza. Tiketi nimeshakata, mama nimeshamwambia.

Ustadh Mpole: Ndugu yangu, kutokatazwa si kuruhusiwa. Halafu uwanja wa ndege wakikuomba cheti cha afya ya mimea utatoa nini?

Chumvi_Kidogo: Hii ni chai. Airisi hizi fupi nyingi ni bluu au zambarau. Ya manjano inayojulikana ni danfordiae, nayo kwao ni Uturuki. Picha hakuna, jina hakuna, tunapotezewa muda.

Mgeni_wa_Baridi: Sijatunga chochote! Kitunguu chenyewe kimevaa ganda la nyuzi kama wavu, na jani ukilikata lina pembe nne.

Mpanda_Mlima: Chumvi, subiri kidogo. Mgeni, ua la airisi lina petali tatu za kuinama na tatu za kusimama. Zile za kusimama zilikuwaje? Kwenye danfordiae zimesinyaa mpaka zimebaki kama unywele.

Mgeni_wa_Baridi: Zilikuwa pana, wima kabisa. Manjano mpauko, na zile za kuinama zina mstari wa rangi ya chungwa katikati.

Mpanda_Mlima: Basi hiyo ni winogradowii. Wanasayansi waliielezea mwaka 1914, na porini makao yake yanayojulikana zaidi ni Mlima Lomis, huko huko Borjomi. Vilionekana vingi kwa sababu ulikuwa umesimama karibu kabisa na kwao; duniani ni adimu mno. Na usivikaushe! Ndugu zake wanapenda kiangazi kikavu, huyu akikauka kabisa anadhoofika. Uliving'oa wakati vinajiwekea akiba ya mwaka unaofuata, kisha ukavinyima baridi kwa kuviweka ndani. Ua lingetoka wapi?

Chumvi_Kidogo: Neno chai nalifuta. Lakini kama ni kweli, ndiyo mbaya zaidi. Ningefurahi ingekuwa chai.

Mgeni_wa_Baridi: Hata kimoja tu kwa mama? Kwetu ni joto mwaka mzima, lakini friji ipo.

Mpanda_Mlima: Hata kimoja. Ataona majani mwaka mmoja, labda miwili, kisha kitaoza. Hapo Tbilisi, mji mkuu, kuna Bustani ya Taifa ya Mimea. Peleka chungu kizima na uwaeleze ulipochimba, sehemu yenyewe kabisa. Kwao taarifa hiyo ina thamani kama kitunguu chenyewe.

Mgeni_wa_Baridi: Wakinikamata je?

Ustadh Mpole: Nenda, ndugu yangu. Mimi ningekusindikiza.

Mgeni_wa_Baridi: Sijakataa. Nauliza tu, njiani nivimwagilie au nisimwagilie?

Mpanda_Mlima: Unyevu kidogo, kivulini. Na nenda wiki hii, majani bado ni mabichi.